Na, Au na Si

Katika kila lugha yako maneno madogo yabebayo mizigo mikubwa. Katika lugha yetu matatu miongoni mwa maneno hayo ni na, au na si. Mtoto huyajua kabla hajajua jina la babu yake, na mzee huyatumia mpaka siku ya wasia wake. Tena yakiondolewa katika hati ya mkataba, mkataba haumfungi mtu. Nia yangu katika insha hii ni kueleza jinsi maneno haya matatu yalivyonitumikia katika kusanifu saketi ndogo ya dijitali kwa ajili ya kisima kimoja cha pwani ya Kilwa, na jinsi kazi hiyo, iliyoanza kama zoezi la mwanafunzi, ilivyonifundisha thamani ya neno la nne, ambalo mafundi wengi hulipita mbio. Neno hilo ni haiwezekani.

Asili ya elimu hii ni ya kushangaza kwa unyenyekevu wake. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole, aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Cork, Ayalandi, alitoa kitabu juu ya kanuni za fikira. Alionyesha kwamba kauli za kweli na za uongo zaweza kuandikwa kwa alama na kukokotolewa kama hesabu: kweli ikawa 1, uongo ukawa 0. Kwa muda wa miaka 83 elimu hiyo ilikaa zaidi katika vitabu vya wanafalsafa na wanahisabati. Mwaka 1937 kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, mwenye umri wa miaka 21, alionyesha katika tasnifu yake kwamba swichi za umeme hufuata kanuni zile zile. Swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja, taa haiwaki mpaka hii na hii zimefungwa. Hiyo ni na. Zikikaa sambamba, taa huwaka hii au ile ikifungwa. Hiyo ni au. Swichi inayozima taa pale inapobonyezwa ni si. Tangu hapo fikira iliweza kutengenezwa kwa waya.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni mageni kabisa katika pwani yetu. Neno sifuri, ambalo ni nusu ya elimu yote ya dijitali, ni neno la Kiarabu lililosafiri pande mbili. Upande mmoja lilikuja kwetu kwa njia ya bahari ya Hindi. Upande wa pili lilikwenda Ulaya, likageuka sura, likawa jina wanaloliita Wazungu namba hiyo hiyo. Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa wafanya biashara ya dhahabu na pembe, wenye msikiti mkuu wa mawe na sarafu za shaba zilizopigwa hapo hapo. Sitaki kusema kwamba watu wale walijua saketi, hasha! Nataka kusema kwamba watu waliohesabu shehena, zaka na urithi kwa kizazi baada ya kizazi hawakosi akili ya kuhesabu kweli na uongo. Na katika mchezo wetu wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, bingwa hatii mkono shimoni kabla hajautembeza mtaji wote kichwani mwake. Huona kete zitakapoishia, huona zitakazoliwa, ndipo huanza. Kazi hiyo ya kuona mwisho kabla ya mwanzo ndiyo mafundi wa kompyuta waitayo kuiga, nami nitaieleza mbele.

Sasa nije kisimani. Kijiji nikisemacho kiko kusini ya Kilwa Kivinje, karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi usiku. Mjomba wangu ndiye mlinzi wa tangi la maji la kijiji hicho. Kisima kiko chini ya mwembe, pampu ya umeme iko kando yake, na tangi limeinuliwa juu ya nguzo. Alfajiri mjomba huwasha pampu, hukaa akisikiliza sauti ya maji, na sauti ikibadilika huzima. Akisafiri kwenda mazikoni Lindi au akiugua homa, kazi hiyo huingia katika mikono isiyoizoea.

Hatari ya jambo hili haiko katika maji yanayomwagika. Maji hayo huliwa na migomba, na hapana mtu aliyekufa kwa sababu migomba imenywa sana. Hatari iko chini ya ardhi. Katika nchi ya pwani maji matamu ya mvua yaliyozama mchangani hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Mtu akivuta kwa kiasi, tabaka la juu hutosha na mvua hulirudishia. Akivuta kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda kujaza nafasi, na kisima kilichoingia chumvi hakirudi utamu wake upesi; yaweza kupita masika mengi. Kwa hiyo pampu iliyosahauliwa usiku mmoja ni jambo dogo, na pampu iliyozoea kusahauliwa ni msiba wa kijiji kizima. Hilo ndilo lililonifanya niliache zoezi nililopewa chuoni, la taa za barabarani za mji ambao sijauona, nishike hili la kwetu.

Nilianza na karatasi. Saketi ilihitaji kujua mambo manne. La kwanza, kama maji yamefika boya la juu la tangi. La pili, kama yamefika boya la chini. La tatu, kama kisima kina maji ya kutosha. La nne, kama pampu tayari inakwenda. Huenda mtu akauliza sababu ya kuweka maboya mawili mahali pa moja. Boya likiwa moja, maji yakishuka kidole kimoja pampu huwaka, yakipanda kidole kimoja huzima, na wimbi dogo ndani ya tangi laweza kuiwasha na kuizima mara mia kwa saa. Mota haivumilii mateso hayo. Yakiwa mawili, pampu huwaka maji yakishuka chini ya boya la chini, huendelea mpaka yaguse la juu, kisha hupumzika mpaka yashuke tena. Kati ya boya na boya saketi haiamui jambo jipya. Hufanya kama ilivyokuwa ikifanya. Kwa hiyo inahitaji kumbukumbu, ya kitu kimoja tu: nilikuwa nikienda, au nilikuwa nimesimama?

Mambo manne, kila moja likiwa kweli au uongo, huzaa hali 16. Nilichora jedwali la ukweli la mistari 16, na kando ya kila mstari nikaandika jibu: pampu iende, au isimame. Mistari 12 ilikuwa na majibu yaliyo wazi. Mistari 4 ilibaki. Katika hiyo maboya yalisema kwamba maji yamegusa la juu hali hayajagusa la chini. Vitabu vya fani hii hufundisha kwamba hali ya namna hiyo haiwezekani, na fundi ana ruhusa kuandika alama ya mkato, maana yake lolote na liwe, kisha achague jibu lolote litakalompunguzia malango ya saketi. Niliziandika alama hizo kwa penseli, nikaiacha karatasi juu ya mkeka.

Mjomba aliisoma kama anavyosoma barua, mstari kwa mstari. Alipofika pale alisimama.

"Mwanangu, hii mbona umeikata?"

"Mjomba, hiyo ni hali isiyowezekana. Maji hayawezi kufika juu yasipite chini."

"Maji hayawezi," alisema, "lakini waya waweza. Panya aweza. Kutu ya chumvi yaweza. Siku maboya yakikwambia neno hilo, hayakwambii habari za maji. Yanakwambia habari zao wenyewe."

Nilinyamaza, kwa maana katika maneno hayo kulikuwa na somo la muhula mzima. Jedwali langu lilikuwa limeandikwa juu ya maji, naye alilisoma kama jedwali lililoandikwa juu ya mashahidi wa maji. Kadhi akisikia shahidi anasema kwamba mtu aliingia chumbani bila ya kupita mlangoni, hasemi lolote na liwe. Husimamisha kesi, akamtazama shahidi.

Baada ya maneno hayo nilitunga saketi mbili ili nizilinganishe. Ya kwanza ilisema: pampu iende ikiwa kisima kina maji, na ama boya la chini ni kavu, au pampu ilikuwa ikienda na boya la juu ni kavu. Ya pili ilisema: pampu iende ikiwa kisima kina maji, na boya la juu ni kavu, na ama boya la chini ni kavu au pampu ilikuwa ikienda. Msomaji akizisoma haraka ataziona sawa, na kwa kweli katika mistari yote 12 inayowezekana majibu yake ni mamoja. Hata gharama ni moja: kila moja yataka malango mawili ya na, moja la au, na mawili ya si. Tofauti yake iko katika hali isiyowezekana tu. Waya wa boya la chini ukikatika, saketi ya kwanza huamini kwamba tangi ni tupu, ikaendelea kuvuta hata maji yakimwagika, mpaka kisima kikauke. Ya pili husikia boya la juu, ikasimama. Saketi mbili za bei moja, moja hukitia kisima hatarini na moja hukilinda, na kitabu cha fani hakikunitaka nichague kati yake.

Hapo ndipo kuiga kulipokuwa na kazi. Zamani fundi alijenga saketi kwa waya na risasi, akajua ubaya wake ilipoungua. Leo huieleza kwa maandishi katika lugha maalumu. Mojawapo ya lugha hizo, iitwayo VHDL, ilizaliwa katika kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ikakubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa ya mafundi mwaka 1987. Maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza, lakini majina ya ishara huchaguliwa na mwandishi, nami nikayaita ya kwangu juu, chini, kisima na pampu. Kompyuta haikulalamika. Kisha huandikwa maandishi ya pili, ambayo si saketi bali ni mtihani wa saketi: sasa boya la chini likauke, sasa lilowe, sasa kisima kiishe. Programu husoma yote mawili, ikachora mistari inayopanda na kushuka kama ngazi za baraza, kila ishara na mstari wake, wakati ukienda kutoka kushoto kwenda kulia.

Nilizipitisha saketi zote mbili katika hali zote 16, kisha nikazitungia kisa. Tangi lilijaa, watu wakateka, likashuka, likajaa tena. Zote mbili zilikwenda sawa kama mapacha. Kisha nikaukata waya wa boya la chini. Katika saketi ya kwanza mstari wa pampu ulipanda na haukushuka tena mpaka mwisho wa karatasi. Katika ya pili ulishuka mara boya la juu lilipolowa, lakini maji yalipopungua kidogo ulipanda tena, ukashuka tena, karibu karibu. Pampu haikukimaliza kisima, ila haikupata raha. Kwa hiyo niliongeza taa nyekundu: iwake boya la juu likiwa limelowa na la chini ni kavu, tena ikishawaka isizimike mpaka mtu afike na kubonyeza kitufe. Hali isiyowezekana ikapata mlango wake wa kutokea, nao ulielekea machoni pa mtu.

Inabaki kueleza chipu yenyewe. Chipu nyingi hutoka kiwandani na saketi zake zimekwisha kukazwa, kama jiwe lililochongwa. Mwaka 1985 kampuni ya Xilinx ya Marekani, iliyomwajibisha Ross Freeman katika uvumbuzi huo, ilitoa chipu iitwayo XC2064, ambayo mnunuzi aliweza kuipangia saketi yake mwenyewe. Ilikuwa na vyumba 64, idadi sawa na kete za bao. Siri ya chipu za namna hii ni kwamba ndani ya chumba hamna malango ya na au ya au yanayongoja kuungwa. Mna jedwali. Ishara nne zikiingia, huonyesha kimoja katika vijumba 16 vya kumbukumbu, na kilichoandikwa katika kijumba hicho, 1 au 0, ndicho jibu. Kando ya jedwali pana kumbukumbu moja ya kukishika kilichojibiwa. Kwa maneno mengine, jedwali lile lililokaa juu ya mkeka ndilo linaloingia katika chipu, mstari kwa mstari, bila ya kupungua. Saketi ya pampu huenea katika chumba kimoja, na ya taa nyekundu katika cha pili.

Jambo hili lilinitia katika fikira zaidi kuliko yote. Alama ya lolote na liwe yaweza kuandikwa juu ya karatasi, lakini haiwezi kuandikwa katika chipu. Kijumba hakina mkato. Kina 1 au kina 0. Fundi asipochagua, programu itamchagulia, na uchaguzi wake utakuwa halisi kama ule wa mistari mingine yote. Nilizihesabu tofauti za saketi zangu mbili ndani ya jedwali, nikaona ni vijumba 2 katika 16. Utamu wa kisima ulikuwa umelazwa katika vijumba viwili ambavyo desturi ilisema havina maana.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba kuiga kunaona yote. Nilipokatisha boya la juu mahali pa la chini, saketi zote mbili zilishindwa. Maboya yalisema kwamba maji yako katikati, na pampu ilikuwa ikienda. Hiyo ni hali ya kawaida kabisa, na saketi ikaendelea kuvuta kwa imani njema. Shahidi asemaye jambo lisilowezekana hujifichua. Asemaye uongo unaofanana na kweli hafichuliwi na mantiki pekee. Dawa ilitoka kwa mjomba tena. Alijua kwamba masika tangi hujaa kwa muda wa saa moja na nusu, na kiangazi kikali, maji ya kisima yakiwa mbali, halipiti saa mbili. Basi pampu ikienda zaidi ya saa mbili bila ya boya la juu kulowa, pana neno. Niliongeza kihesabu. Ubao niliokuwa nao una saa inayopiga mapigo 50,000,000 kwa sekunde. Saa mbili ni mapigo 360,000,000,000, na kuyahesabu kunataka kumbukumbu 39. Kuamua kulitaka chumba kimoja. Kungoja kukataka kumbukumbu 39. Na kwa kuwa kompyuta ingechoka kuiga mapigo yote hayo, nilikifanya kikomo kiwe namba inayoweza kubadilishwa, nikaiga kwa mapigo 10, kisha nikairudisha namba ya kweli.

Hivi sasa saketi hiyo imo katika ubao wa mafunzo, swichi zikisimama mahali pa maboya na taa ndogo mahali pa pampu. Haitaunganishwa na mota mpaka fundi wa umeme mwenye cheti aikague, na mjomba ameomba iendeshwe msimu mmoja sambamba na mkono wake, yeye akiwasha na yenyewe ikionyesha kwa taa ingaliamua nini. Naliona hilo kuwa ombi la haki. Mwanafunzi hulitahini zoezi lake kwa siku moja. Kisima hutahiniwa na masika na kiangazi.

Katika wilaya hii, chini ya kisiwa cha Songo Songo, gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam kufanya umeme. Yamkini sehemu ya moto uliowasha kompyuta yangu ulitoka Kilwa. Ni adabu basi kwamba sehemu ya elimu iliyofanywa kwa moto huo irudi Kilwa, tena irudi kwa lugha inayosomeka na walinzi wa visima. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, wasomi wamehangaika kutafuta maneno ya elimu mpya, na kazi hiyo ni tukufu. Lakini jedwali langu lisingalisahihishwa na mtu yeyote lau lingaliandikwa kwa maneno asiyoyajua. Lilisahihishika kwa sababu lilisema na, au, na si, na mwenye miaka mingi kisimani aliweza kulisoma na kuuliza kwa nini mistari minne imekatwa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu wanaosanifu mashine za kuwaamulia watu waonyeshe majedwali yao kwa wale watakaoishi na maamuzi hayo, kabla hayajaingia katika chipu. Wasione haya kuonyesha hata mistari waliyoikata kwa penseli. Aghalabu mtu asiyejua hesabu yetu anajua siku ambayo jambo lisilowezekana lilitokea.